Picha ya Sura kwa Rangi za Mafuta (Dodoma na Nyanda za Kati)

Picha ya sura kwa rangi za mafuta ni mchoro wa mtu halisi, aghalabu uso na mabega, unaochorwa kwa rangi zilizosagwa ndani ya mafuta yanayokauka, hasa mafuta ya kitani, juu ya kitambaa au ubao ulioandaliwa. Katika mtindo wa uhalisia, lengo ni kwamba anayemfahamu aliyechorwa amtambue bila kuambiwa. Makala hii inaeleza historia ya sanaa hiyo Afrika Mashariki, kisha namna ya kujifunza katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako jua, vumbi na ukavu humlazimu mwanafunzi kuacha baadhi ya maagizo ya vitabu vya Ulaya.

Michoro ya Kolo

Uwanda wa kati una michoro ya watu iliyo ya kale kuliko kanvasi yoyote. Huko Kolo na maeneo ya jirani, wilayani Kondoa, kuna zaidi ya mapango na miamba 150 yenye michoro, na UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na kitabu chake kuhusu michoro hiyo kikatoka mwaka 1983. Rangi nyekundu ya Kolo ni oksidi ya chuma, ile ile inayoupa wekundu udongo wa Dodoma. Watu wamechorwa warefu na wembamba, vichwa vikiwa na mapambo makubwa ya nywele au vimejazwa mistari. Macho na midomo kwa kawaida havimo. Twiga anatambulika mara moja kwa shingo na mwendo wake. Mtu anatambulika kuwa mtu, basi. Ni nani, mwamba hausemi.

Historia ya picha za mafuta

Ufundi wa kuchora sura kwa mafuta ulikomaa Ulaya katika karne ya 15, mikononi mwa wachoraji wa Flandria kama Jan van Eyck, na ukafika Afrika Mashariki kwa njia ya biashara na ukoloni.

Miongoni mwa picha za mwanzo za aina hii zinazohusu pwani yetu ni ile ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Aliondoka Unguja na merikebu ya Sultana akatia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, akiwa na pembe za ndovu, karafuu, kahawa na tende. Mchoraji Edward Mooney alimchora huko huko, na uso wa mzee huyo wa kilemba unamkabili mtazamaji kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuheshimiwa. Wakati huo rangi za mafuta zilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe. Mrija wa bati ulisajiliwa mwaka uliofuata, 1841, na John Goffe Rand, naye mchoraji wa sura kutoka Marekani. Bila mrija huo, kubeba rangi za mafuta hadi mahali kama Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma, kungekuwa mateso matupu.

Picha ya Ahmad imehifadhiwa Salem, Massachusetts, bandari iliyofanya biashara kubwa na Unguja. Biashara hiyo ndiyo iliyoleta merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho wapagazi walikibeba hadi bara. Watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo, na msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 alilipa kama wengine. Merikani hiyo, ikiwambwa kwenye fremu na kupakwa gundi, ni kanvasi inayomtosha mwanafunzi yeyote wa leo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wageni ndio waliochora, na wenyeji ndio walioketi. Mchoraji wa Finland, Akseli Gallen-Kallela, aliishi Kenya na familia yake kuanzia mwaka 1909 na kurudi kwao na picha nyingi za mafuta, zikiwamo za sura. Karen Blixen, aliyewahi kusoma sanaa Copenhagen kabla ya kuwa mwandishi, alichora wakazi wachache wa shamba lake la Ngong. Mwenye mkono mzito kuliko wote alikuwa Irma Stern wa Afrika Kusini, aliyekwenda Zanzibar mwaka 1939 na tena mwaka 1945. Alipaka rangi nene, kwa haraka, na baadhi ya picha zake akazitia fremu za mbao zilizochongwa Unguja. Moja, aliyoiita kwa Kiingereza "Arab Priest", iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Bei hiyo inatajwa kila mahali. Jina la mzee aliyeketi mbele yake halitajwi katika kichwa cha picha.

Mafunzo ya sanaa ya kiwango cha chuo yalianzia Makerere, Uganda, ambako Margaret Trowell alianzisha madarasa katika miaka ya 1930. Trowell mwenyewe alisomea Slade, London, shule iliyosifika kwa kuchora mwili wa mtu, lakini aliamini kuwa Mwafrika asifundishwe uhalisia wa Kizungu. Aliwasimulia wanafunzi hadithi, nao wakachora walichokiona akilini. Nia ilikuwa njema na kazi nyingi za wakati huo zinapendeza. Hata hivyo, uamuzi huo uliwapunguzia wanafunzi wa mwanzo mazoezi muhimu: kuketi na mtu, kumpima kwa macho, na kukosea mpaka afanane. Cecil Todd, aliyeshika uongozi wa shule ya sanaa ya Makerere mwaka 1958, aligeuza mwelekeo kwa kuleta nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya.

Watanzania wawili waliopita Makerere wanastahili kutajwa. Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame, aliendelea na masomo Slade na baada ya uhuru akawa Balozi wa Tanganyika mjini London. Alichora kwa mafuta maisha yake yote, lakini watu wake ni umati wa kazini, migombani na harusini, nyuso zao ndogo na zinazofanana. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932, alichora picha kubwa za ukutani za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha jumba la Paa ya Paa, Nairobi. Njau alipinga vikali tabia ya kunakili.

Tofauti na hao wawili, mchoraji Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alitumia rangi ya mng'ao ya madukani juu ya hadibodi. Mtindo wake haukusudii uhalisia.

Huko Lubumbashi, mchoraji aliyezungumza Kiswahili, Tshibumba Kanda Matulu, alichora katika miaka ya 1970 historia nzima ya Kongo juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Kiongozi Patrice Lumumba katika picha zake anatambulika papo hapo kwa miwani, ndevu na mpasuo wa nywele. Tshibumba hakupitia chuo cha sanaa, na kazi yake inathibitisha kwamba kufanana kunaweza kupatikana kwa alama chache zilizochaguliwa vizuri, hata pale ambapo vivuli vya uso si sahihi.

Mwaka 2022, jumba la taifa la picha za sura mjini London lilinunua picha ambayo Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Kilimanjaro, alijichora mwenyewe Sweden mwaka 1982. Ilikuwa picha ya kwanza iliyochorwa kwa rangi na mwanamke Mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia katika hazina ya jumba hilo. Ni heshima kubwa kwa Tanzania, na imetangazwa kidogo mno hapa nyumbani.

Vifaa vinavyopatikana

Anayeingia hadiwea Dodoma na kuomba rangi ya mafuta atapewa kopo la rangi ya milango na mageti. Rangi hiyo hukauka haraka na kwa mng'ao mkali, haichanganyiki taratibu juu ya kanvasi, na haifai kwa shavu la mtu. Rangi za wachoraji huja katika mirija midogo na kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam. Mirija mitano inatosha kuanzia: nyeupe ya titani, udongo wa manjano, siena ya kuchomwa, amba ya kuchomwa na bluu ya altramarini. Nyekundu kali inaweza kuongezwa baadaye. Mchoraji wa Sweden, Anders Zorn, alijulikana kwa kuchora sura nyingi kwa rangi zisizozidi nne.

Siena na amba ni udongo wenye chuma. Amba ina manganizi pia, ambayo huharakisha ukaukaji, ndiyo maana hupendelewa kwa tabaka la kwanza. Makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yako Dodoma, na anayetaka kujua rangi hizi zilikotoka anaweza kuanzia kwenye makumbusho yake ya miamba. Wapo wanaochekecha udongo mwekundu, wakauosha, wakauanika na kuusaga kwa mafuta juu ya kioo. Inawezekana, ila udongo usiooshwa vizuri huacha mchanga unaokwaruza kitambaa.

Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, na mwanafunzi hujiuliza kwa nini asitumie mafuta ya jikoni. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Hushika hewa ya oksijeni na kugeuka ngozi ngumu. Mafuta ya kitani hufanya hivyo vizuri. Ya alizeti hufanya hivyo nusunusu, na picha inaweza kubaki ikinata kwa wiki nyingi huku ikikusanya vumbi lote la kata ya Kizota. Alizeti hufaa kusafishia brashi mwisho wa siku, kabla ya sabuni.

Kwa kitambaa, merikani nzito iwambwe kwenye fremu ya mbao iliyokauka, ipakwe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kisha matabaka mawili au matatu ya rangi nyeupe ya maji isiyong'aa. Tabaka la gundi lisirukwe, kwa sababu mafuta yakigusa pamba moja kwa moja huiozesha.

Tahadhari moja inahusu uhai. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakirundikwa pamoja, hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yalowekwe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko.

Mwanga

Vitabu vingi humwambia mchoraji atafute dirisha la kaskazini. Agizo hilo liliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana husimama utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha tulivu ni la kusini. Kati ya Oktoba na Machi mambo hugeuka. Mwenye chumba chenye madirisha pande zote mbili ana bahati, na asiye nacho anaweza kutumia kivuli cha baraza.

Saa sita mchana hakuchorwi sura. Mwanga unaoanguka wima huyazamisha macho ndani ya vivuli na kuacha doa jeupe puani. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi mwanga huja kwa ubavu, na uso hugawanyika wazi kati ya upande wenye nuru na upande wa kivuli. Mgawanyiko huo ndio msingi wa picha nzima.

Ngozi nyeusi

Hapa ndipo vitabu vya kigeni hupotosha zaidi. Vingi huanza na mchanganyiko wa waridi na nyeupe, kisha humwambia msomaji aongeze nyeusi kwa ngozi "ya giza". Matokeo yake ni sura ya jivu, kama ya mtu mgonjwa. Ngozi nyeusi ina joto la kahawia, nyekundu na hata zambarau, na msingi wake mzuri ni siena na amba ya kuchomwa, bluu ikitumika kushusha vivuli. Nyeupe itumike kwa uchache, nyeusi ya mrija isitumike kabisa katika miezi ya kwanza.

Jambo la pili ni mng'ao. Juu ya ngozi nyeusi mwanga unaorudi kama kwenye kioo huonekana wazi kuliko juu ya ngozi nyeupe, na hubeba rangi ya kilichouleta. Mzee akiketi barazani Chamwino, paji lake na sehemu ya juu ya shavu huwa na mng'ao wa bluu hafifu wa anga. Chini ya taya, mahali ambapo mwanafunzi hutarajia giza tupu, kuna wekundu uliopanda kutoka kwenye udongo wa uani. Kati ya hizo mbili kuna kahawia iliyokoza ya shavu lenyewe. Anayeziona rangi hizo tatu na kuziweka kila moja mahali pake, bila kuzisugua zikawa moja, ameshafika mbali.

Wazee wa Kigogo wenye masikio yaliyotogwa na kupanuliwa humpa mwanafunzi somo la ziada. Ndewe iliyoning'inia ina ukingo mwembamba unaopitisha nuru, na nyuma yake jua likiwapo huwa nyekundu kama kaa la moto.

Hatua za kujifunza

Wengi huanza na picha ya simu. Si dhambi, lakini simu ikiletwa karibu na uso huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Apigaye asimame mita mbili au zaidi, kisha akate picha. Simu pia huviziba vivuli, na kilichopotea kwenye kivuli hakiwezi kubuniwa. Njia ya kuchora mistari ya miraba juu ya picha na kuihamishia kwenye kanvasi, inayotumiwa sana na wachoraji wa mabango, husaidia vipimo, ila humfundisha mtu kunakili mraba badala ya kuona uso. Itumike kwa picha chache za mwanzo na kuachwa.

Kipimo cha kwanza ni kwamba macho huwa katikati ya urefu wa kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Karibu kila anayeanza huyapandisha juu, kwa sababu paji halimvutii kama macho. Upana wa pua, urefu wa mdomo wa juu na nafasi kati ya macho havina kanuni inayofaa watu wote. Hupimwa kwa kunyoosha mkono na kushika brashi mbele ya jicho moja.

Mchoro wa awali hufanywa kwa mkaa, mistari ya nje na mpaka wa kivuli tu. Ukipanguswa kwa kitambaa hubaki alama hafifu inayotosha. Kisha huja tabaka la amba peke yake, lililozimuliwa kwa tapentaini, ambalo humaliza swali la giza na nuru kabla ya swali la rangi. Mwanafunzi afanye picha kadhaa za amba tupu, zisizo na rangi nyingine, kabla ya kuendelea. Ni hatua inayochosha, na wengi huiruka. Picha zao hujulikana: rangi nzuri, uso usio na mifupa.

Rangi huanzia kwenye vivuli, vyembamba, na kupanda kuelekea kwenye nuru, nene. Kila tabaka liwe na mafuta mengi kidogo kuliko lililo chini yake. La chini likiwa na mafuta mengi kuliko la juu, la juu hukauka kwanza na kupasuka. Nyusi na kope haziandikwi unywele kwa unywele. Nyeupe ya jicho si nyeupe: huwa kijivu cha udongo, tena chenye kivuli cha kope ya juu. Kidoa cha nuru ndani ya mboni huwekwa mwisho, mara moja, na hakiguswi tena.

Ukavu wa Dodoma, wenye mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, humsaidia mchoraji. Tabaka jembamba la amba hushika mapema kuliko Dar es Salaam yenye unyevu. Upepo wa miezi ya kiangazi, kwa upande mwingine, huleta vumbi jekundu ambalo likitua kwenye rangi mbichi halitoki. Picha mbichi iegemezwe ukutani uso wake ukiangalia ukuta, na juu yake paning'inizwe shuka lisiloigusa.

Mafunzo rasmi

Sanaa za ufundi hutahiniwa kidato cha nne, lakini shule zenye mwalimu wa somo hilo ni chache. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) ilianza kama chuo mwaka 1981. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984.

Hali ya sasa

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifanyika mwaka 1973, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023. Ofisi mpya zimefuata, na kuta zake zinahitaji picha. Kwa sasa sehemu kubwa ya kuta hizo hubeba picha za kamera.

Utunzaji na kumbukumbu

Picha ya mafuta inayoonekana kavu kwa kidole bado huendelea kukauka ndani. Vanishi ya mwisho husubiri miezi 6 hadi 12. Picha isitundikwe mkabala na dirisha wala juu ya jiko la mkaa, na isifutwe kwa maji.

Nyuma ya kanvasi, kwenye mbao za fremu, paandikwe kwa penseli jina kamili la aliyechorwa, kijiji chake, mwaka, na jina la mchoraji. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliochorwa kwa mafuta katika karne iliyopita hawakuandikiwa hata hilo, na wajukuu wao wakisimama mbele ya picha hizo leo hawana njia ya kuwatambua. Kila anayejifunza ufundi huu Dodoma, Kondoa, Manyoni au Mpwapwa anaombwa asiiache picha yake iende kwa mnunuzi bila jina.